Mfereji Uliofungwa Leso

Jumatatu, 8 Septemba

Wadudu wamekula. Juu ya tangi povu kidogo tu, linapasuka upesi. Ndivyo ninavyowapenda. Harufu sijui. Pua imeziba tangu Ijumaa, mafua haya ya kusi. Imebidi Kadzo ainame tangini aninusie, na kazi yake yeye ni kuosha mapipa ya mtindi. Akasema pananuka udongo ulionyeshewa, akataka nimlipe kwa hamri moja. Nimempa. Pangenuka mayai mabovu ningekuwa na kazi.

Bwana Nasoro, mwenye kiwanda, alitaka nimweleze tena njia ya maji. Nimemweleza kwa mara ya mia. Maji yaliyoosha mapipa ya maziwa huingia shimo la kutega mafuta. Kisha kwa wadudu wangu, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambao hula maziwa yaliyobaki huku tukiwapulizia hewa. Kisha mchanga. Kisha pipa la mkaa. Kisha chujio laini, lile ambalo pampu husukuma maji kwa nguvu hadi chumvi ibaki nyuma. Mwisho taa ya kuua viini. Kinachotoka ni maji. Mpaka sasa yamekuwa yakiosha sakafu na kulisha boila, na sakafu haijalalamika.

Sasa anataka yanywewe. Mimi nataka zaidi yake. Ukutani nje, upande wa Majengo, mfereji wa kutekea maji umeshawekwa. Mdomo wake nimeufunga kipande cha leso usiingie vumbi. Wanawake wakipita na madumu waliyojaza kwa mwenye mkokoteni huutazama ule mfereji, kisha hunitazama mimi. Naona haya, kama mtu aliyealika watu karamuni na chungu hakijainjikwa.

Afisa wa afya anakuja Alhamisi. Maji yakipita, leso inafunguliwa. Yasipopita, Bwana Nasoro amesema atafikiria upya. Namjua. Akianza kufikiria, kuna kitu kinauzwa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekunywa. Mbele ya watu wote, kikombe kizima, kwa kujivuna. Baridi. Chapwa kidogo. Basi.

Kadzo akanywa wa pili, akajipapasa kichwani kuona kama ameota pembe. Hazikuota. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wakicheka. Nilitaka kuwakumbatia.

Khaloo Zuhura hakunywa. Nilijua. Khaloo ni dadake marehemu mama, ndiye aliyenilea, tunakaa naye nyumba moja Makadara, na ndiye anayetupikia chai na mahamri hapa kiwandani. Mtungi wa maji ya kunywa, ule wa udongo kwenye chumba cha chai, ni milki yake. Hata Bwana Nasoro huomba ruhusa kabla ya kushika kata.

"Mimi siyanwi," akasema. "Maji yameosha masufuria ya mji mzima, wataka niyatie tumboni?"

Nikamwambia hata mvua huosha mapaa ya mji mzima. Akasema mvua haipitii kwa wadudu. Hasira zikanipanda, nikaenda kuzungumza na pampu.

Amekubali wengine watiliwe maji hayo mtungini. Yeye atakunywa yake, aje nayo kwenye chupa kutoka mtungi wake wa nyumbani. Na kwa Khaloo, maji ambayo hayakufukizwa ubani ni ya kuogea.

Jumatano, 10 Septemba

Khaloo amempigia simu maalimu wake. Nusu saa. Salamu peke yake zilichukua robo. Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia yote.

Jibu: maziwa ni twahara, si najisi, na maji yakisafishwa yakarudi rangi yake, ladha yake na harufu yake, basi ni maji. Nilicheka peke yangu jikoni. Rangi, ladha, harufu. Maabara nayo huanzia hapo hapo.

Nikadhani nimeshinda. Khaloo akaweka simu chini, akasema kujuzu ni kujuzu na moyo ni moyo. Akaenda kulala.

Imeniuma. Najua si jambo kubwa. Mtu ana haki na tumbo lake. Lakini kila nilichowahi kupika, hata wali ulioungua nilipokuwa mtoto, alikula.

Alhamisi, 11 Septemba

Afisa amekuja. Bwana Mwakio, mtu mrefu, mpole, viatu vinang'aa. Nilimzungusha shimo hadi taa. Aliuliza maswali mazuri. Nilijibu yote kwa sauti ya puani, kama bata.

Nilidhani atachukua maji yake kwenye mfereji wa mashine. Akasema la, utaratibu ni kuchukua pale watu wanaponywea. Akauliza wananywea wapi. Nikampeleka kwa Khaloo.

Khaloo alinishangaza. Alikuwa amevaa leso mpya pea nzima. Chumba cha chai kimefagiliwa, mtungi umesuguliwa, kifuniko kimewekewa kitambaa cha kutarizi. Akamkaribisha kwa heshima zote, subalkheri na habari za nyumbani, akamtekea maji kwa mikono miwili. Bwana Mwakio akanywa kidogo, akanyanyua nyusi, akasema maji haya yana jambo lake. Khaloo akatabasamu mpaka meno ya nyuma. Kisha afisa akajaza chupa zake kutoka mtungi huo huo, akazifunga, akaenda zake.

Nina furaha. Nimemshukuru Khaloo. Akasema mgeni ni mgeni.

Jumamosi, 13 Septemba

Mmoja wa zamu ya jioni alimwaga mtindi ulioharibika moja kwa moja kwenye mtaro wa sakafuni. Ndoo nzima. Wadudu wamevimbiwa. Asubuhi povu lilikuwa limepanda, limefurika, limeshuka ngazi na kwenda kumsalimia mlinzi getini. Mlinzi alikuwa amekimbia.

Nimeongeza hewa, nimepunguza chakula. Kesho watapoa. Nimewaomba radhi kwa sauti. Kadzo amesikia, na sasa kiwanda kizima kinaniita mama wa wadudu. Sawa. Nimeitwa mabaya zaidi.

Jumatano, 17 Septemba

Majibu yamekuja. Maji yamekataliwa.

Viini, hakuna. Chumvi, safi. Mafuta, hakuna. Rangi, safi. Harufu: ya moshi, haikubaliki. Ladha: imebadilika.

Moshi! Nimesoma mara nyingi. Nimeenda chooni nikalia, nikarudi, nikasoma tena. Bado moshi.

Bwana Nasoro hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema afisa amekubali kuja mara ya pili, Jumatano ijayo. Yakikataliwa tena, kuna mtu wa hoteli yuko tayari kuichukua mashine hata kesho yake, na sisi tutarudi kununua maji ya lori la boza kama watu wengine. "Mimi nimejaribu, Rukia," akasema, kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake mkono wa tanzia.

Nimepita nje kwenda nyumbani. Ile leso kwenye mfereji imeanza kupauka kwa jua. Bibi mmoja mwenye dumu akaniuliza lini. Nikamwambia inshallah. Nikaharakisha.

Alhamisi, 18 Septemba

Moshi unatoka wapi ndani ya maji? Usiku kucha kichwa kimezunguka. Asubuhi nikapata. Mkaa! Maji yanapita ndani ya pipa la mkaa. Mkaa huo umechomwa vibaya, unatoa harufu. Wazi kabisa. Nilijiona mjinga kwa kuchelewa.

Nimelifungua pipa. Nimeuchota mkaa wote. Nimekuwa mweusi toka utosi hadi unyayo, mato mawili tu yanaonekana. Kadzo alipiga picha, akaituma kwa kila mtu mwenye simu. Bwana Nasoro amenunua mkaa mpya huku akiguna. Nimeuosha mpaka maji yakatoka meupe, nikaosha tena kwa hasira.

Nimenusa. Hamna kitu. Lakini nanusa nini na pua yenyewe hii? Nimemwita Kadzo. Kanusa mfereji wa mashine. Hamna moshi. Basi ni mkaa. Nadhani ni mkaa.

Jumamosi, 20 Septemba

Si mkaa.

Nimekumbuka leo kwamba ule mkaa wa zamani ninao bado guniani. Nikautia kidogo ndooni na maji, nikauacha, nikamwita Kadzo. Akanusa. Maji tu. Nikamwita mlinzi. Maji tu. Nikawaita wapakiaji, wakanusa kwa zamu, mmoja akauliza kama kuna zawadi.

Nimekagua mota ya pampu, pengine imeungua. Haikuungua. Mkanda, mzima. Nyaya za taa, nzima. Nimepiga magoti nyuma ya kila kitu chenye nyuma. Nimekuta kijiko cha Khaloo kilichopotea mwezi wa Ramadhani, na paka.

Naogopa. Nisijidanganye. Naogopa sana. Kitu kinachoharibika bila sababu hakitengenezeki.

Jumapili, 21 Septemba

Nyumbani. Nimegombana na Khaloo.

Alisema si mbaya, kazi ni nyingi duniani. Alikuwa ananiliwaza. Mimi nikasikia kama anasema nilikwambia. Nikamwambia anafurahi, kwa kuwa tangu mwanzo aliyaona maji yangu uchafu. Akanitazama. Akachukua tasbihi yake, akaketi barazani hadi alasiri, na chakula chake akakiacha.

Nimekosa adabu. Nikamfuata, nikamwomba radhi. Akasema ameshasamehe. Kisha akasema, kama mwenye kujisemea, kwamba siku ile alimtunza mgeni kwa kila alichonacho na hajui kilichopungua ni kitu gani. Atamtunza zaidi safari hii.

Nikamwambia hakuna kilichopungua, Khaloo. Nikamletea biriani. Akala nusu, nusu akanirudishia kwenye sahani.

Jumanne, 23 Septemba

Pua imefunguka! Nimeamka nikasikia harufu ya mji wote kwa pamoja, viazi karai, mtaro, waridi, samaki. Karibu nicheke barabarani.

Nimenusa kila hatua ya mashine. Shimo la mafuta: linanuka, Mungu aniondolee. Wadudu: udongo ulionyeshewa, Kadzo alisema kweli. Mkaa: hamna. Mfereji: hamna. Maji haya hayana moshi, naapa.

Basi nini kilitokea? Sijui. Nimejiandaa kwa kesho. Nimefanya yote. Sijui.

Jumatano, 24 Septemba

Niandike upesi kabla sijalala, siku ilikuwa ndefu na nimechoka kwa kucheka.

Nilifika mapema. Khaloo alitoka nyumbani kabla yangu, akasema ana shughuli. Kuingia tu getini nikasikia harufu. Moshi. Nikakimbia kwenye mashine moyo mkononi. Mashine salama. Nikafuata pua. Baada ya majuma mawili na zaidi, sasa nilikuwa na pua ya kufuata.

Pua ikanileta chumba cha chai. Khaloo amechuchumaa, amevaa leso yake mpya. Mbele yake chetezo, makaa mekundu, ubani unafuka. Na juu ya chetezo, mdomo chini tako juu, mtungi wa kiwanda.

Nikasimama mlangoni.

"Kwani leo haji yule bwana?" akasema. "Mgeni hapewi maji hivi hivi. Mara ile nilifukiza kidogo. Leo nimeuzidisha."

Nikaketi kwenye sakafu. Nikamwambia ni huo, Khaloo. Ule moshi kwenye karatasi ni huo. Maabara yao haijui ubani. Walinusa moshi, wakaandika moshi.

Kisha akashika mdomo. Nikamwuliza kwa nini ayafukize maji ambayo yeye mwenyewe hayataki.

"Ni maji ya mwanangu," akasema. "Yaja kuonwa na mtu wa sirikali, niyatoe uchi?"

Hapo nikalia tena. Na kucheka. Vyote pamoja, sipendekezi.

Kisha tukakumbuka saa. Afisa yuko njiani. Mtungi umeshakunywa moshi, na udongo ukishakunywa ubani hautemi leo wala kesho. Kadzo akasema tumpe maji kutoka mfereji wa mashine. Nikamwambia hataki, anataka pale watu wanaponywea, na watu wananywea mtungini. Bwana Nasoro akaingia, akavuta pumzi, akauliza nani anaolewa. Nikamweleza. Akakaa kwenye kreti la maziwa, akajifunika uso kwa mikono. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Gari likapiga honi getini. Khaloo akainuka. Akajifunga leso vizuri, akachukua kikombe chake mwenyewe, kile cha maua ambacho hakuna mwingine anayekinywea, akatoka nje bila kutuaga. Tukamfuata. Akapita kwenye gari la afisa, akampa salamu bila kusimama, akazunguka ukuta mpaka kwenye mfereji wa upande wa Majengo. Akaifungua ile leso. Fundo lilikuwa limekaza. Akalifungua kwa meno.

Akajaza kikombe. Akasema bismillahi. Akanywa mpaka mwisho, kituo kwa kituo, mara tatu, huku wapita njia wamesimama na madumu yao. Akapangusa mdomo kwa ncha ya leso.

"Hapa ndipo watu wanaponwea," akamwambia Bwana Mwakio. "Chukua maji yako."

Kadzo akaja nyuma yake na kikombe. Kisha mlinzi. Kisha wapakiaji. Kisha Bwana Nasoro, ambaye hata siku moja hakuwahi kuyanywa maji yetu, ndiyo kwanza nimegundua leo. Foleni ikafika kona. Bwana Mwakio akatutazama wote, akaangalia mfereji, akatoa chupa zake. Nikamweleza habari ya ubani. Akacheka kwa adabu, akasema hata yeye alijua maji yale yana jambo lake, ila hakuthubutu kumwambia mama.

Leso tumeifunga tena mpaka majibu yaje. Nimelifunga mimi fundo, legelege.

Usiku nimemwuliza Khaloo yalikuwaje. Akasema chapwa.

Jumatano, 1 Oktoba

Yamepita.

Harufu: hakuna. Ladha: hakuna dosari. Mengine yote safi kama mwanzo. Bwana Nasoro ameibandika karatasi juu ya meza yake, kisha akaibandua, akaibandika getini. Mtu wa hoteli ameambiwa atafute mashine kwingine. Utachunguzwa mfereji mara kwa mara, na kila siku nitapima mwenyewe. Nitapima hata mara kumi. Mpaka wadudu wanione kero.

Kadzo amenichezea ngoma ya kwao uani, nimemfuata vibaya, viatu vikajaa maji. Furaha tupu. Sina maneno mengine na sitafuti.

Khaloo ameongeza sukari kwenye mahamri. Mtungi amekwenda kuuweka juani.

Jumapili, 5 Oktoba

Leso imeondolewa tangu Alhamisi. Khaloo ameifua, anafutia vikombe.

Asubuhi nilipita upande wa Majengo, ingawa si siku yangu ya kazi. Nilitaka kutazama tu. Wanawake watano hivi, madumu kwenye mstari. Walikuwa wakizungumza habari ya harusi ya mtu, nani alialikwa, nani alisahauliwa. Yule bibi aliyeniuliza lini alijaza dumu lake, akafunga kizibo, akaenda. Hakunitazama. Hakuna aliyesema chochote kuhusu maji. Nilikaa pale muda mrefu, nimeridhika.

Mchana nilimkuta Khaloo nyumbani anashuka kwenye tuktuk na madumu mawili. Nikauliza ameyatoa wapi. Akasema kwani kuna mfereji mwingine mji huu wenye maji leo. Nikamsaidia kuyapandisha ngazi.

Akatoa chetezo. Akageuza mtungi wake juu ya moshi, akasubiri, akaupindua, akamimina maji yangu ndani polepole. Akafunika. Tukaswali alasiri. Kisha akanitekea kikombe, kile cha maua, akanipa kwa mikono miwili.

Yananukia ubani. Maabara ingeyakataa. Nimeomba kikombe cha pili.